Tuacheni Louisville

Jumapili moja ya mvua shemeji yangu alitoka Lexington kuja kutuona. Tulimwandalia ugali, sombe na samaki wa kukaanga, na kabla hajamaliza tonge la tatu akaanza. "Shemeji," akaniambia, "uzeni hii nyumba, njooni kwetu. Huku mtakuja kuzika mtoto." Mume wangu akainamisha kichwa. Mimi nikamwongezea mchuzi. Siku ile sikumjibu, kwa sababu ni mume wa dada yangu mkubwa, na mgeni hajibiwi akiwa na tonge mkononi.

Namjibu leo, kwa kuwa maneno yale si yake peke yake. Nayasikia nje ya kanisa baada ya ibada, nayasikia misibani, nayasoma kwenye vikundi vya simu kila familia mpya inapofika Kentucky. Louisville ni mji wa kazi na risasi, Lexington ni mji wa kulea watoto. Mwenye akili akae Louisville mwaka mmoja, akusanye pesa, kisha ahame. Yamesemwa mara nyingi mno, hata anayeyasema hajisumbui tena kutoa sababu. Mimi nasema si kweli, na nasema yamewagharimu watu wetu nyumba ambazo wangekuwa wamezinunua zamani.

Kwanza tukumbuke tulivyofika. Sisi tuliopitia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, hatukuwahi kulinganisha miji. Jina lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, ukaitwa kwenye mahojiano, ukapimwa, ukasubiri, kisha ukaambiwa unakokwenda. Mwenye ndugu Marekani aliweza kumtaja. Asiye na ndugu alipangiwa mji na watu ambao hatawaona maishani. Louisville na Lexington ziko jimbo moja, kilomita kama 125 kwa barabara kuu ya 64, na Frankfort, makao makuu ya jimbo, iko katikati. Wengi wetu tulitua katika mmoja wa miji hii miwili bila kuujua mwingine. Kwa hiyo uamuzi wa kuhama au kubaki ndio wa kwanza tunaoufanya wenyewe tangu tulipokimbia Kivu, kule Kongo. Haufai kufanywa kwa uvumi.

Nianze na kile wanachokisifu, kwa kuwa wanasifu kitu cha kweli. Ukiingia Lexington mwezi Aprili unaweza kusahau ulichokwenda kufanya. Nyasi zimeota nzito, uzio wa mbao unapanda na kushuka vilima mpaka macho yachoke, na watoto wa farasi wenye miguu mirefu wanakimbia pembeni mwa mama zao. Chini ya ardhi ile kuna mawe ya chokaa, na wafugaji watakwambia kwamba chokaa hiyo hupita kwenye maji na majani na kuwapa farasi mifupa imara. Uwanja wa mbio wa Keeneland uko hapo tangu 1936. Mji ni msafi, chuo kikuu cha jimbo kiko katikati yake, na watu wana adabu barabarani. Nimekwenda mara nyingi na kila mara nimefurahi.

Lakini uzuri ule haukujiotea. Mwaka 1958 Lexington ilichora mstari kuuzunguka mji, ikasema maji taka na huduma za mji zitaishia hapa, na nje ya hapa ni mashamba. Ulikuwa mji wa kwanza Marekani kuweka mpaka wa namna hiyo. Baadaye ukaongezwa ulinzi juu ya ulinzi: tangu 1999 anayetaka kujenga nyumba kwenye ardhi ya mashamba lazima awe na kiwanja kisichopungua ekari 40, na mwaka 2000 serikali ya mji ikaanzisha mpango wa kuwalipa wenye mashamba ili wasiyauze kwa wajenzi, milele. Chini ya theluthi moja ya ardhi ya kaunti ndiyo inayoruhusiwa kuwa mji. Sasa hebu tufikiri kama watu wazima. Watu wanaongezeka, ardhi ya kujengea imefungwa. Kinachofuata kila mmoja wetu anakijua kutoka sokoni. Bidhaa ikiadimika, bei inapanda, na wa kwanza kushindwa ni mwenye mfuko mwepesi.

Nyumba ya kawaida Lexington imekuwa ghali kuliko ya Louisville kwa miaka mingi sasa, na kodi ya kupanga inaifuata. Madiwani wenyewe walilazimika kukubali mwaka 2023 walipoamua kuusogeza mpaka na kuongeza ekari kama 2,800, baada ya karibu miaka thelathini bila kuugusa. Wapo walioumia sana kwa uamuzi ule, wakalia kwamba mashamba yanakufa. Nawaelewa. Nimetoka mahali ambapo shamba la babu lilipotea, najua uchungu wake. Ila sikusikia wengi wakimlilia mama wa Kikongo anayesafisha vyumba vya hoteli Lexington na kulala Nicholasville, au Winchester, au Richmond, kwa sababu ndani ya mstari hapati chumba anachokimudu. Yule mama anatumia gari, mafuta na saa mbili za kila siku ili wengine wabaki na mandhari. Na takwimu za mji hazimhesabu kama mkazi. Anahesabiwa kwingine, kisha Lexington inaonekana haina maskini.

Kuna jambo la zamani zaidi kuhusu mashamba yale, na nalitaja kwa sababu watoto wetu ni weusi. Pale Cheapside, katikati ya Lexington, palikuwa na moja ya masoko makubwa ya kuuzia watumwa katika eneo lote la Kusini. Farasi walilishwa, walifunzwa na kupandwa na watu weusi. Katika mbio za kwanza za Kentucky Derby, mwaka 1875, kati ya wapanda farasi 15, weusi walikuwa 13. Isaac Murphy alishinda Derby mara tatu, 1884, 1890 na 1891. Kisha wakasukumwa nje ya mchezo wenyewe, na ardhi ikabaki kwa walewale. Simlaumu mtu aliye hai kwa hayo. Nasema tu kwamba mtu anaponiambia utulivu wa mashamba ndio malezi mema, namuuliza hati ya shamba imeandikwa jina la nani.

Sasa tuje Louisville. Wanasema ni mji wa kazi, na wanasema kwa mdomo uliopinda, kama vile kazi ni aibu ya muda.

Miaka mitano nilifanya kazi ya usiku kwenye kituo cha UPS, uwanja wa ndege. Wapo zaidi ya watu 20,000 walioajiriwa na kampuni ile hapa mjini, na mitambo yake inaweza kuchambua zaidi ya vifurushi 400,000 kwa saa moja. Mimi nilikuwa kwenye vifurushi vidogo. Unachukua bahasha, unatafuta lebo, unaigeuza uso juu, unaiweka kwenye trei, unachukua nyingine. Ikifika saa nane usiku karatasi imenyonya mafuta yote ya vidole na ngozi ya gumba inapasuka, kwa hiyo tulikuwa tukipaka mafuta ya mgando kisha tunavaa glavu juu yake. Upande wangu wa kulia alisimama mama kutoka Uvira, wa kushoto kijana wa Cuba. Hatukuweza kuongea kwa kelele za mkanda, lakini yule kijana akiona nimezidiwa alinyoosha mkono bila kugeuka na kunipunguzia rundo. Saa kumi alfajiri tunatoka, tunaoga, tunawaamsha watoto.

Na saa mbili asubuhi nilikuwa darasani. Hapa ndipo wanaosema "mji wa kazi" wanapaswa kunisikiliza. Tangu 1998 kuna mpango unaoitwa Metropolitan College, ambao kampuni, serikali na vyuo vya hapa waliuwekea mkataba: fanya zamu ya usiku, ada ya chuo inalipwa. Ulibuniwa kwa sababu kampuni ilikosa watu wa usiku. Hakuna aliyefanya sadaka. Lakini mlango ulifunguka, na mwanamke wa miaka thelathini na nne, aliyesomea kwenye darasa la matofali ya udongo huko kambini, akaingia. Nilimaliza nikiwa na thelathini na tisa. Leo nafanya kazi ya mchana hospitalini. Lexington ina chuo kikuu kikubwa kuliko cha Louisville, kwa mtoto aliyemaliza sekondari vizuri kinafaa sana. Mimi nauliza habari ya mzazi. Nani Lexington angemlipia mzazi ada kwa sababu tu ana mikono na hana usingizi?

Tena kazi za hapa haziko kwenye kapu moja. Ford ina viwanda viwili. Kipo kiwanda cha majokofu na mashine za kufulia, ambacho Haier ya China ilikinunua kutoka General Electric mwaka 2016. Kipo cha kuchinja nguruwe pale Butchertown, kazi ngumu na ya baridi, wengi wetu tulianzia hapo. Ukigombana na msimamizi leo, wiki ijayo uko kwingine na mtoto hajabadilisha shule. Upande wa Lexington kipo kiwanda kikubwa cha Toyota, ni kweli, kinatengeneza magari tangu 1988, lakini kiko Georgetown, kaunti nyingine, na bila gari hufiki.

Wapo wanaobishana kuhusu mshahara, eti mji huu unalipa kuliko ule. Hapo wote wawili tuko ndani ya mtumbwi mmoja. Louisville ilipitisha sheria ya kupandisha kima cha chini mwaka 2014, Lexington ikafuata 2015, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Kentucky ikasema miji haina mamlaka hayo. Tukarudi kwenye dola 7.25 kwa saa, na ndiyo ipo mpaka sasa. Anayetaka kulalamika aende Frankfort. Kodi ya mshahara ndiyo inayotofautiana kidogo: mkazi wa Louisville anakatwa asilimia 2.2, wa Lexington 2.25 ya mji na nusu nyingine ya shule. Sijawahi kumsikia mtu akiitaja wakati wa kushauri familia ihame, ingawa iko kwenye kila hati ya mshahara.

Nafika kwenye risasi, maana sitaki ionekane nimezikwepa. Mwaka 2021 watu zaidi ya 180 waliuawa Louisville. Ni idadi ya kutisha, na hata ukiigawa kwa wingi wa watu mji huu bado uko pabaya kuliko Lexington. Sibishi. Nabisha tunavyoitumia idadi hiyo. Vifo vile havikumwagika sawasawa juu ya mji kama mvua. Vingi vimejaa upande wa magharibi, ng'ambo ya Mtaa wa Tisa, katika mitaa ambayo miaka ya 1930 ilipakwa rangi nyekundu kwenye ramani za mikopo ya nyumba kwa sababu waliishi watu weusi, ikanyimwa pesa, kisha ikalaumiwa kwa kuchakaa. Wetu wengi hawajawahi kukanyaga kule. Wamerithi hofu ya watu wengine, wakaivaa kama koti la mtumba.

Mimi nimekwenda. Ukipita Grand Avenue utaiona nyumba ndogo aliyokulia Muhammad Ali. Ipo maktaba ya Western, jengo la 1908, ya kwanza miongoni mwa zile zilizojengwa kwa pesa za Carnegie kuhudumia watu weusi na kuendeshwa na watu weusi. Wapo bibi wanaofagia baraza zao asubuhi na kukuamkia. Tunaposema "kule ni risasi" tunawasema hawa, na nadhani tunajidanganya kwamba sisi ni kitu kingine. Mwezi Machi 2020 polisi wa mji huu walimuua Breonna Taylor, mwanamke mweusi, ndani ya nyumba yake, usiku. Polisi akimsimamisha mwanangu hatamuuliza kama babu yake alitoka Fizi. Hatma ya magharibi ya Louisville ni hatma yetu, na haitatengenezwa na mtu aliyehama ili asiione.

Na Lexington yenyewe? Mwaka 2022 waliuawa watu 44, wengi kuliko mwaka wowote katika historia yake. Baadhi ya wetu walikuwa ndiyo kwanza wamehamia huko kutafuta amani. Mzazi anayefikiri mpaka wa kaunti utamlindia kijana wa miaka kumi na sita amelala. Kijana anatafuta wenzake popote alipo, na analindwa na mtu mzima anayejua yuko wapi saa tatu usiku. Mzazi anayeendesha gari saa mbili kila siku ili alipe kodi ya nyumba hayupo saa hiyo.

Kuna mambo mawili Lexington inatushinda, na ningekuwa mwongo nisipoyataja. La kwanza ni shule, hasa usafiri wake. Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo, mabasi ya shule za umma za Louisville yalivurugika kabisa, na watoto wa mwisho walifika nyumbani karibu saa nne usiku. Shule zikafungwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata usafiri ukaondolewa kwa wanafunzi wengi wanaosoma mbali na mitaa yao. Hapo sina utetezi. Sisi tulichagua shule ya karibu na kuacha ile tuliyoitamani, na bado inaniuma. La pili ni lugha. Lexington ni mji mdogo, watu wetu wamekaribiana, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi majumbani mwa wanafunzi wa kule. Mtoto anaweza kusikia Kiswahili dukani, uwanjani na darasani. Huku tumetawanyika zaidi.

Ila kutawanyika huku kuna kilichokuja nacho. Mtaa wetu uko upande wa kusini, South End, si mbali na bustani ya Iroquois. Ndege za usiku zinapita juu ya paa na tumeshazizoea. Jirani mmoja ni mzee wa Kibosnia aliyekimbia vita miaka ya tisini, mwingine ni familia ya Kivietinamu iliyofika kabla sijazaliwa, na mbele yetu ni Wacuba. Kwenye duka la jirani unakuta sombe iliyogandishwa, ndakala, unga wa muhogo, na rafu ya pili viungo ambavyo sijui hata majina yake. Hakuna anayekushangaa. Mwanangu ana rafiki ambaye bibi yake naye alilala kwenye hema, kwa hiyo akimsimulia habari za kambi, mwanangu hahitaji kueleza kambi ni nini.

Na tulinunua nyumba. Ni ya matofali, vyumba vitatu, bafu moja, imejengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani wa zamani, na ndiyo maana wafanyakazi wa leo wanaiweza. Tulipokabidhiwa funguo mume wangu alizunguka nyuma, akachuchumaa, akachota udongo mkononi na kuunusa. Mwaka ule ule tulipanda mahindi kando ya uzio, maharage chini yake, na lengalenga, ile ambayo Watanzania wanaiita mchicha. Mbele kuna baraza. Jioni za kiangazi tunakaa pale mpaka mbu watufukuze.

Dada yangu ameishi Lexington miaka sita na amehama mara nne, kila mara kodi ilipopanda. Sasa yuko ghorofa ya tatu. Farasi anawaona akiwa njiani kwenda kazini, na anawapenda kweli, hunitumia picha zao. Majira ya kuchipua yaliyopita alinipigia akaniomba miche ya lengalenga. Nikampelekea kumi na miwili, imefungwa kwenye gazeti lenye maji. Akaipanda kwenye ndoo ya rangi aliyoitoboa chini kwa msumari, akaiweka kwenye roshani yake. Ilishika vizuri. Baada ya wiki tatu mwenye nyumba akamwandikia barua kwamba vyombo vya kupandia haviruhusiwi roshani, aviondoe ndani ya siku tano au alipe faini. Alinisomea barua ile kwenye simu, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya hospitali.

Jumamosi iliyofuata shemeji aliileta ndoo hapa. Aliishusha kwenye buti mwenyewe, akaikumbatia ili udongo usimwagike, akauliza aiweke wapi. Nilimwonyesha barazani, upande unaopata jua la asubuhi. Iko pale mpaka leo. Lengalenga zimefika kiunoni mwa mtoto wangu wa mwisho, na kila dada akija anachuma zake za kupika wiki nzima.